Kitasa cha Nyumba Namba Nane

"Na mimi nasema huingii," Kaluki alimwambia kwa mara ya tatu, na safari hii alikuwa ameuziba mlango wa nyumba yake kwa mwili mzima, mkono huku na mkono kule. "Jumanne mliingia mimi nikiwa kazini. Leo niko. Kwa hivyo leo tutaongea kwanza."

Wainaina alivuta pumzi kama mtu aliyezoea wapangaji wagumu. Alikuwa ajenti wa ploti hiyo ya nyumba za kupanga, kijana nadhifu, shati limechomekwa vizuri, viatu vimepigwa rangi ingawa vumbi la Kitengela lilikuwa limeshaanza kuvila. Mkononi alikuwa na simu ya kupigia picha na fomu ya namba nane, nyumba pekee iliyoandikwa kuwa ilikutwa imefungwa siku ya Jumanne. Nyuma yake alisimama Musila, mtunza ploti, akiwa na funguo zilizotungwa kwenye waya, macho ameyatupa sakafuni kana kwamba ndiyo kwanza aione.

Wainaina alieleza tena, polepole, kwamba ukaguzi si vita. Unafanywa kila baada ya miezi mitatu. Mwenye nyumba anataka kujua kama mabomba yanavuja na kama watoto wamechora kuta, na kipengele cha kumi na moja cha mkataba kinamruhusu. Mkataba huo Kaluki aliutia sahihi mwenyewe. Notisi ilibandikwa getini, tena ikatumwa kwenye grupu ya wapangaji.

"Grupu naisoma saa ngapi? Kazini simu inakaa kwa loka mpaka jioni. Na hata kama ningesoma, kusoma si kukuambia uingie."

"Madam, hatujaingia kwako. Fomu yako hii hapa. Imeandikwa 'imefungwa, hakuna mtu'."

"Basi aliyeandika hiyo ni mwongo."

Musila alihamisha waya wa funguo kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto.

Ukaguzi wenyewe haukumtisha Kaluki. Ukaguzi ndio uliomlisha. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, mwaka wa tisa sasa, na kwa siku alipitisha mkononi suruali mia nane akitafuta mshono uliochomoka, kifungo kilicholegea, mfuko uliokaa upande. Alijua kukagua ni nini. Unakagua mwenye kazi akiwa amesimama hapo, unamwonyesha kosa, anatia sahihi. Hukagui mtu akiwa hayupo halafu ukaandika ulivyopenda.

Kilichomtia moto ni Evalyne, binti yake wa miaka kumi na mitatu.

Jumanne Evalyne alirudi kutoka shule saa kumi kama kawaida, akajifungia kwa ufunguo, akauchomoa na kuuweka mezani kama alivyofundishwa. Alikuwa amevua yunifomu akitafuta nguo ya nyumbani aliposikia ufunguo unaingia mlangoni kwa nje na kuzunguka. Akadhani ni mama. Mlango ukafunguka na sauti ya mwanaume ikasema hodi, hodi ya mtu ambaye tayari yuko ndani. Mtoto alipiga ukemi, akakimbilia bafuni, akaketi kwenye ndoo na kuukaza mlango kwa miguu. Kaluki alimkuta hapo hapo saa kumi na mbili na nusu, midomo imekauka, miguu bado iko mlangoni.

Tangu siku hiyo Evalyne hakukaa nyumbani peke yake. Jana alingoja kwenye ngazi na begi lake la shule mpaka mama akarudi. Usiku alisukuma meza dhidi ya mlango, na asubuhi Kaluki ilibidi aisukume tena ndiyo aende kazini. Komeo la ndani halikuwepo, mkataba ulikataza kutoboa mlango, na hata lingekuwepo lisingemsaidia mtu anayerudi kwenye nyumba tupu asijue nani yumo. Dada yake Kaluki, Kaveke, alishapiga simu kutoka Entarara, kijijini kwao. Mlete mtoto kwa nyanya, alisema, huku tunalala mlango wazi na hakuna anayetuingilia, shule ziko. Na Kaluki, ambaye alihangaika miaka miwili kumpatia Evalyne nafasi katika shule aliyokuwa nayo sasa, alijikuta jana usiku akikunja sweta za mtoto. Jumamosi ingekuwa safari. Kama mlango huu ungekuwa wa kufungwa, mtoto angebaki. Kama si wa kufungwa, angeondoka. Hesabu ilikuwa hiyo tu.

"Ufunguo wangu wa ziada uko na nyinyi," alimwambia Wainaina. "Mkataba unasema mmoja kwangu, mmoja kwa ofisi. Sasa nani mwingine aliingia? Malaika?"

Wapangaji walikuwa wameanza kukusanyika kwenye ngazi, wengine juu, wengine chini, kila mmoja na kisingizio chake cha kupita. Wainaina alifungua simu yake, akatafuta, akaigeuza ili Kaluki aone. Ilikuwa picha ya ukurasa wa daftari la funguo. Nyumba namba nane, ufunguo wa ziada umechukuliwa na mpangaji baada ya kupoteza wake. Tarehe ya Januari. Sahihi.

Ilikuwa sahihi yake.

Kaluki aliitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikumbuka. Alipoteza ufunguo sokoni, Musila akamfungulia, naye akabaki na ule wa ofisi akiahidi kutengeneza mwingine. Hakutengeneza. Huo wa ofisi ndio aliompa Evalyne baada ya ule wake kupatikana chini ya mboga kwenye kikapu. Funguo zote mbili za nyumba hii zilikuwa mikononi mwao wenyewe, yeye na mtoto, tangu Januari.

"Kwa hivyo hatuna kifunguo chako," Wainaina alisema, na sauti yake haikuwa ya kejeli, jambo lililofanya iume zaidi. "Hatungeweza kuingia hata tungetaka. Pengine mtoto alilala, akaota."

Mtu mmoja kwenye ngazi za chini alisema watoto wa siku hizi na sinema za simu. Mwingine akacheka kidogo. Mikono ya Kaluki ilitaka kushuka kutoka kwenye fremu, akaikataza.

"Sikuota."

Evalyne alikuwa amesogea nyuma ya mama yake, kichwa kikitokea chini ya kwapa. Hakupandisha sauti.

"Nilisikia kifunguo. Iliingia, ikakwama kidogo, ikazunguka. Halafu mtu akasema hodi. Halafu akasema 'woi', akafunga tena na kifunguo. Mwizi hawezi kufunga tena."

Lile 'woi' lilikuwa limewafikia wote masikioni, na ploti nzima ilijua ni nani aliyekuwa akisema 'woi' maji yakikatika, 'woi' taka zikimwagika, 'woi' hata timu yake ikifungwa. Musila alikuwa ameacha kuhamisha funguo. Alizishika kwa mikono yote miwili ili zisilie.

Kabla Kaluki hajamgeukia, mtu alikohoa juu yao. Ilikuwa Nyaguthii, mama mzee wa nyumba namba kumi na mbili, ghorofa moja juu, ambaye ploti yote ilimwita Shosho, yaani nyanya. Alikuwa mwalimu zamani na bado alisimama kama anayesubiri darasa litulie. Alishuka ngazi mbili, akasema kuna jambo amelinyamazia kwa sababu lilimwaibisha, na sasa anaona halikuwa lake peke yake.

Mwezi uliopita, alisimulia, mvua ilikuja ghafla na yeye alikuwa na nguo kwenye kamba huko juu ya paa. Alizikusanya zote mpaka zikamfika puani, akashuka bila kuona mbele, akahesabu ngazi kwa miguu, na kwa vile milango ya ploti ni rangi moja na namba zimefutika, akafika mlangoni pake, akatia ufunguo, akaingia. Akaweka nguo kitini. Akaona jikoni sufuria ya maziwa haijafunikwa, akaifunika, akijilaumu kwa kusahau. Kisha akaona helmeti ya pikipiki juu ya meza.

"Mimi siendeshi pikipiki," alisema.

Kutoka ngazi za juu kabisa Leshan, kijana wa namba kumi na sita aliyekuwa akibeba mawe ya machimbo kwa lori mchana na abiria kwa pikipiki jioni, alishika kichwa, akamwita nyanya kwa Kimaasai. "Koko, kumbe ni wewe! Mimi nilirudi nikakuta maziwa imefunikwa, nikasema kwa hii nyumba kuna mapepo safi."

Watu walicheka, kicheko kile cha watu ambao bado hawajafikiria. Kaluki hakucheka. Alikuwa anahesabu. Ghorofa nne, nyumba nne kila ghorofa. Nane, kumi na mbili, kumi na sita. Zote za mwisho upande wa kulia, moja juu ya nyingine.

"Shosho," alisema, "niazime kifunguo chako."

Nyaguthii aliufungua kutoka kwenye leso aliyoufungia na kumpa. Kaluki akamsukuma Evalyne ndani taratibu, akamwambia ajifungie na achomoe ufunguo wake. Mlango ulifungwa. Ufunguo ulisikika ukizunguka mara mbili. Kaluki akatia ufunguo wa Shosho kwenye tundu lile. Uliingia, ukakwama kidogo, ukazunguka. Mlango ukafunguka, na Evalyne alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufunguo wake kiganjani, akimwangalia mama yake kama mtu aliyeambiwa hatimaye kwamba hana wazimu.

Hakuna aliyecheka sasa.

"Musila," Kaluki alisema.

Musila alijaribu Kikamba kwanza, lugha yao wawili, akimwita mwaitu, mama, kwa sauti ya chini kama watu wa nyumba moja. Kaluki akamwambia aseme Kiswahili, watu wote wasikie. Basi alisema. Hii ploti ikijengwa yeye alikuwa anachanganya simiti. Mwenye nyumba alileta katoni ya vitasa, na ndani ya katoni vilikuwa vimepangwa vinne vinne, kila vinne funguo za aina moja. Fundi wa milango alianza chini akapanda juu, laini kwa laini. Vinne vya kwanza laini ya kwanza, vinne vya pili laini ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Yeye aligundua miaka mingi iliyopita, siku mpangaji mmoja alipopoteza ufunguo. Tangu hapo akawa anasaidia watu.

"Nasaidia tu," alisema. "Mtu akifungiwa nje namfungulia na ya jirani, anaenda zake, hakuna kuvunja mlango. Jumanne nilitumwa nipige picha nyumba zote. Yako haikuwa kwa waya. Nikasema nitumie ya Shosho, dakika moja, nipige sinki na dirisha nitoke. Sikujua mtoto yuko. Nilivyomsikia nilifunga nikaandika imefungwa. Niliogopa, mama Evalyne. Mimi pia niko na wasichana huko nyumbani."

"Na siku mbili umepita hapa ukimwona kwa ngazi na begi."

Musila alirudisha macho sakafuni.

"Yangu?" Shosho alikuwa amechelewa kufika pale wengine walipofika, na alipofika alifika na hasira zote. "Ulimtishia mtoto na kifunguo yangu mimi?"

Leshan alikuwa ameshuka mpaka ghorofa yao. Alitoa ufunguo wake mfukoni, akauangalia kama kitu alichookota barabarani, akauweka mkononi mwa Kaluki bila kuambiwa. Alisema hataki kukaa na kitu kinachofungua nyumba yenye msichana, watu wasije wakamwangalia vibaya. Kisha akauliza swali ambalo lilipanda na kushuka ngazi zote kwa mara moja: kama yake inafungua kwa Koko na kwa mama Evalyne, ya wale waliohama miaka hii yote iko wapi?

Kila mtu alianza kuongea. Mtu wa ghorofa ya chini alishakimbia na ufunguo wake kujaribu mlango wa juu. Wainaina, ambaye hakuwa amejua lolote na sasa uso wake ulionyesha hivyo, aliomba utulivu. Kisha aliomba, kwa haraka zaidi, watu wasipeleke habari hii kwenye grupu mpaka azungumze na mwenye nyumba. Simu tatu zilikuwa tayari zimeinuliwa.

Alimpigia mwenye nyumba, Njuguna, palepale. Kaluki akamwambia aweke spika, na Wainaina, baada ya kuangalia nyuso zilizomzunguka, akaweka. Mwenye nyumba aliishi Kware, Rongai, na sauti yake ilitoka pamoja na kelele za sherehe fulani. Alisikiliza nusu tu. Hizo kitasa, alisema, yeye mwenyewe alinunua, mpya, katoni mzima, na hakuna siku mtu ameibiwa. Atakuja Jumamosi ama ile Jumamosi ingine aangalie. Kwa sasa hakuna mtu kugusa mlango wake. Mtu akibadilisha kitasa bila ruhusa yake amevunja mkataba, atoke.

"Kazini kwangu," Kaluki aliiambia simu, "suruali nne za fungu moja zikiwa na kosa moja, fungu mzima inarudi. Hatungoji Jumamosi. Hatuambii mteja avae hivyo hivyo kwa vile bado haijampasukia."

"Wewe ni nani?"

"Nyumba namba nane."

"Namba nane, wewe ngoja."

Simu ikakatika. Wainaina aliirudisha mfukoni na kusema, karibu kwa upole, kwamba wamemsikia wote. Angeandika ripoti usiku huu. Angependekeza vitasa vibadilishwe. Lakini mpaka idhini itoke kwa maandishi, mikono yake imefungwa.

Kaluki alifikiri kuhusu kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa, zamu yake ingeisha saa kumi na mbili, na mtoto angetoka shule saa tisa na nusu. Alifikiri kuhusu Entarara, mama yake na mahindi yake, na Evalyne akianza upya darasani asikomjua mtu, kwa sababu fundi mmoja hakuchanganya vitasa kwenye katoni na mzee mmoja huko Rongai alikuwa na sherehe. Haikumchukua muda. Aliingia ndani, akavuta droo ya jikoni, akatoka na bisibisi.

"Mama Evalyne," Wainaina alisema. "Ukigusa hiyo kitasa, itabidi nikuandikie barua ya kuhama."

"Andika. Mlango wa kuiletea unaujua."

Alipiga goti. Skrubu za kishikio zilikuwa zimepakwa rangi juu, akazikwangua, akazitoa mbili za nje, mbili za ndani, akavuta kile chuma cha mraba kinachopita katikati. Zile mbili za pembeni mwa mlango zilikuwa na kutu na moja ikagoma. Leshan alitaka kumsaidia, akamwambia ashikilie mlango usicheze, hiyo ndiyo kazi iliyopo. Skrubu ililegea. Kitasa kilitoka kizima kizima kama jino, na mlango ukabaki na tundu ambalo mtu angeweza kuchungulia jikoni.

Alisimama akipangusa magoti, akamgeukia Wainaina. "Sasa kagua. Nyumba iko wazi na mimi niko. Vua viatu."

Wainaina aliangalia ngazi, akaangalia fomu yake, akavua viatu. Alikaguliwa huku akikagua. Kaluki alimwonyesha bomba la sinki lililotoa matone tangu Krismasi, akamwonyesha unyevu kwenye kona ya dari. Alimwonyesha kuta, ambazo hazikuwa na mchoro wa mtoto hata mmoja. Kila Wainaina alipopiga picha, Kaluki alimngoja aandike. Walipofika mlangoni alimwambia aandike na hilo pia: kitasa kilichokuwepo kinafunguliwa na ufunguo wa namba kumi na mbili, umejaribiwa mbele ya mashahidi. Kalamu ya Wainaina ilisita juu ya karatasi. Shosho, aliyekuwa ameketi kitini pamoja na Evalyne, akamtajia herufi za neno mashahidi mojamoja kama anayemsahihisha mwanafunzi, naye akaandika. Kaluki akatia sahihi chini, akaipiga fomu picha kwa simu yake.

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa ng'ambo ya barabara. Kaluki alivuka na kitasa cha zamani mkononi, akakiweka kaunta, akataka cha saizi hiyo hiyo kiingie tundu hilo hilo, lakini cha funguo bapa zenye meno pande zote. Muuzaji alimletea kimoja kwenye boksi. Kaluki akataka viwili zaidi vya aina hiyo, akazitoa funguo, akazilinganisha moja juu ya nyingine kwenye mwanga, meno kwa meno, mpaka muuzaji akaanza kuuliza kama ana shida na biashara yake. Hazikufanana. Akachukua kimoja na kurudi.

Kukiweka kulichukua muda mfupi kuliko kukitoa kile cha kwanza. Tundu lilikuwa pungufu kidogo kwa juu, akalichonga kwa kisu cha jikoni, Evalyne akimshikia skrubu kiganjani na kumpa moja moja. Wainaina alikuwa ameshavaa viatu na hakuondoka. Pengine alitaka kuona mwisho, pengine hakujua amwambie nini Njuguna.

Kitasa kilipokaa, Kaluki alimwita Musila.

"Leta huo waya. Jaribu zote."

Musila aliangalia pembeni. Lakini watu walikuwa wamejaa ngazi, na hakukuwa na njia ya kupita bila kuwapita. Kaluki alimuuliza Evalyne kama angependa kusimama huku nje naye. Evalyne alitikisa kichwa. Akaingia ndani peke yake, akafunga, wakasikia ufunguo mpya ukizunguka bila kukwama.

Musila alijaribu wa kwanza. Haukuingia hata nusu. Akajaribu wa pili, wa tatu, akizishusha kwenye waya mmoja mmoja, na kila mmoja uligonga chuma na kukataa. Alizijaribu zote kumi na tano, kisha ule wa Leshan. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akaukaribia mlango tena, na kusema kupitia mbao, kwa Kikamba safari hii na hakuna aliyemkataza, kwamba anaomba msamaha.

"Sawa," Evalyne alisema. "Lakini usirudi."

Evalyne alipofungua mlango, Wainaina alijikaza na kutimiza wajibu wake. Alisema ofisi itahitaji ufunguo mmoja wa kitasa kipya, kulingana na kipengele cha kumi na moja. Alilisema bila kumtazama Kaluki, na mkono alioutanguliza mbele haukwenda mbali.

Funguo zilikuwa tatu kwenye pete. Kaluki aliutoa mmoja, akampa Evalyne. Wa pili akautia kwenye pochi yake, akafunga zipu. Wa tatu alimpelekea Nyaguthii pale kitini na kumwekea kiganjani, akamwambia kama kuna siku moto au maji, yeye ndiye wa kufungua, na afungue akiwa anapiga kelele.

"Hiyo ya ofisi ni hii," alimwambia Wainaina, akamkabidhi kitasa cha zamani pamoja na skrubu zake zote. "Mpelekee mwenyewe. Ukaguzi mwingine uje Jumapili mchana, niko. Barua yako ya kuhama nikiipata nitaibeba mpaka mahakamani Kajiado, na picha ya fomu yako ya leo nitaibeba pia."

Wainaina alikuwa na fomu, simu, na sasa kitasa chenye kutu ambacho hakikuwa na mahali pa kuwekwa. Alishuka nacho ngazi. Juu, Leshan alikuwa ameshaanza kuuliza nani mwingine ana bisibisi.

Kaluki alimshukuru Shosho, akamsindikiza mpaka ngazi ya kwanza, akarudi. Aliirudisha meza mahali pake chini ya dirisha. Kisha aliufunga mlango na kuuzungusha ufunguo mara mbili, akawasha jiko.